Discovery Iliyochuchumaa Asubuhi

Mama yangu ana magoti mabovu. Naanza na magoti yake kwa sababu bila hayo nisingenunua gari hili, na nisingekuwa na lolote la kusema kuhusu shokapu za upepo. Nilihamia Dodoma mwaka 2017 nikitokea Dar es Salaam, ofisi yetu ilipohamishiwa huku, na yeye alikuwa Mvumi, kwenye nyumba ileile niliyozaliwa. Kila mwezi ilibidi aje mjini kliniki. Tulikuwa tunampandisha kwenye pikapu ya binamu yangu kwa kigoda, watu wawili wamemshika kwapani. Mtu mzima mwenye vitukuu, anainuliwa kama gunia la uwele mbele ya majirani. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa anaangalia pembeni tu mpaka mlango ufungwe.

Mwaka 2019 mfanyakazi mwenzangu akawa anauza Land Rover Discovery 3 ya mwaka 2006. Alinipeleka kuliona pale Area D, akawasha injini, akabonyeza swichi iliyo karibu na gia, na gari zima likashuka taratibu kama ngamia anayepiga magoti. Sentimita tano. Akabonyeza tena, likainuka, likapita pale lilipokuwa mwanzo, likasimama juu zaidi kwa sentimita tano na nusu. Akanieleza kwamba halina springi za chuma. Limekalia mifuko minne ya mpira iliyojazwa upepo, na kuna pampu ya umeme inayoijaza. Mimi sikuwa namsikiliza tena. Nilikuwa namwona mama akiingia mwenyewe, na niliwaza makorongo ya barabara ya Mvumi wakati wa masika. Nikalipa wiki ileile.

Swali moja tu lingenisaidia siku ile, na sikuwa na wa kunifundisha kuliuliza: likilala usiku, asubuhi linaamkaje?

Kwa miezi mitatu liliamka vizuri. Halafu jioni moja ya Oktoba, tukirudi mjini na mama nyuma, pakalia mlio mkali, taa ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi, na maneno ya Kiingereza yakaja kwamba kuna hitilafu kwenye mfumo wa shokapu, nisizidi kilomita 50 kwa saa. Baada ya dakika chache gari likalala kabisa, likawa linagonga kila jiwe kama mkokoteni. Mama akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, limechoka?" Nikamwambia ni taa tu. Tulifika usiku, na yeye magoti yamevimba.

Kesho yake nikaenda gereji moja upande wa Kizota. Fundi alikuwa kijana mchangamfu, aliinama kidogo, akasikiliza pampu ikijaribu kufanya kazi, akanyoosha mgongo. "Pampu imekufa, madam. Huo ndio ugonjwa wa haya magari yote." Hakupima kitu. Na mimi, ambaye kazi yangu ni uhasibu, ambaye simlipi mtu hata shilingi elfu kumi bila kuona risiti, nikatoa laki tisa na nusu kwa pampu iliyotumika kwa sababu nilitaka ile taa izime. Ikazima siku hiyohiyo. Nilifurahi sana. Pampu ya zamani nikaiomba, nikaiweka stoo nyumbani kwangu Ipagala. Leo namshukuru Mungu kwamba sikuiacha kule.

Wiki kumi baadaye, taa ileile, maneno yaleyale. Nikarudi. Safari hii nikapewa njia mbili: nitafute pampu nyingine, au ning'oe mifuko yote ya upepo na kufunga springi za chuma, "upumzike." Usiku ule sikulala. Hesabu isipofunga huwa inaninyima usingizi, na hii haikufunga hata kidogo. Pampu ya kwanza ilidumu miaka 13. Ya pili imedumu wiki kumi. Kama ugonjwa ni pampu, kwa nini ya pili ife haraka hivyo? Kuna kitu kilikuwa kinaziua, na sisi tulikuwa tunazika tu.

Aliyenitoa kwenye giza ni mzee mmoja mstaafu, jirani wa shangazi yangu kule Nkuhungu. Maisha yake yote alikuwa fundi wa breki za upepo za malori. Gari kama langu alikuwa hajawahi kuligusa, na aliniambia hivyo waziwazi, jambo lililonifanya nimwamini. Nilimwamkia, akaitikia, akaniketisha, na kabla ya kuangalia gari akaanza kuniuliza maswali.

"Linashuka upande gani?"

"Lote, mzee. Asubuhi nakuta lote limechuchumaa."

Akatikisa kichwa. "Upepo haufanyi kikao, binti yangu. Pembe nne haziwezi kukubaliana kuvuja usiku mmoja. Kuna moja inayovuja, na kuna sababu inayozifanya nyingine zishuke."

Sababu hiyo tuliipata kwa kusoma na kuuliza, na kwa maoni yangu ndiyo iliyowapoteza mafundi wengi wa mjini hapa. Kila gurudumu lina sensa ya urefu, kimkono kidogo kinachoiambia kompyuta mwili wa gari uko juu kiasi gani. Gari likiwa limezimwa, kompyuta huamka kila baada ya saa kadhaa na kuangalia kama gari limekaa sawa. Haiwezi kuwasha pampu bila injini, kwa hiyo haiwezi kuinua pembe iliyoshuka. Inachoweza ni kutoa upepo. Basi ikikuta pembe moja iko chini, inashusha zile tatu nzima ziifuate, kama watu msibani wanavyokaa chini kwenye mkeka kwa sababu mfiwa amekaa chini. Wewe unatoka asubuhi unakuta gari zima limelala, unadhani mifuko yote minne imekufa, au pampu. Kumbe mgonjwa ni mmoja.

Dawa yake ni rahisi hata mtoto anaweza. Jioni, gari likiwa limewashwa na limesimama kwenye urefu wa kawaida mahali tambarare, pima kwa futi ya fundi kuanzia katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Pembe zote nne, uandike. Zima gari, chomoa fyuzi ya mfumo wa upepo ili kompyuta isiamke usiku na kukuharibia ushahidi. Asubuhi pima tena kabla hujawasha chochote. Nina daftari la kaunta nililoanzia siku ile, na ukurasa wa kwanza unasema hivi: mbele kushoto imeshuka milimita 2, nyuma kulia 1, nyuma kushoto 2, mbele kulia 62.

Niliitazama ile 62 nikiwa nimesimama uani na khanga begani, jua halijatoka. Laki tisa na nusu zangu zilikuwa zimekwenda bure, nami nilikuwa nimeshika jibu lililogharimu futi ya kupimia na usiku mmoja wa subira.

Mzee akaja na chupa ya kunyunyizia, maji na sabuni ya kuoshea vyombo. Tukaliwasha, tukaliinua juu kabisa ili mikunjo ya mpira ifunguke, tukageuza usukani mpaka mwisho ili tuone ndani. Kwa mbele, kwenye gari hili, mfuko wa upepo na shokapu vimeungana kuwa kitu kimoja kirefu. Akanyunyizia juu pale bomba la upepo linapoingia, hakuna kitu. Akanyunyizia kwenye mkunjo wa chini, mpira unapojikunja na kujikunjua kila gari linapopita tuta. Povu likaanza kuota polepole, vipovu vidogo vidogo kama vya maji ya chai yanayokaribia kuchemka. Alipoufuta kwa kitambaa na kumulika tochi, tuliona mpira umepasuka mistari mingi midogo, kama kisigino cha mtu aliyetembea pekupeku kiangazi kizima. Mpira wa miaka 13. Umekula vumbi, jua na joto la injini, na hakuna aliyewahi kuuangalia.

Sasa habari ya pampu ikaeleweka. Pampu hii haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo. Inajaza tangi dogo la akiba, inapumzika, inaamka kidogo pale gari linapohitaji. Mfuko ukivuja, inafanya kazi kila wakati, inapata joto, na kompyuta inaizima isije ikaungua. Pete inayozunguka pistoni inalika. Jambo la pili ndilo lililonigusa zaidi, pengine kwa sababu nilipenda fizikia shuleni. Upepo unaotoka kwenye pampu hupita kwanza kwenye kikaushio, kopo lenye punje zinazonyonya unyevu. Gari linaposhuka, upepo mkavu hutokea njia ileile, ukipita kwenye punje na kuzirudishia ukavu wake. Yaani kikaushio kinapumua: kinaloana ukiingia, kinakauka ukitoka. Lakini upepo ukivujia kwenye mpira uliopasuka, haurudi tena njia hiyo. Punje zinabaki zimeloa siku zote, mwishowe zinasagika na kuwa unga mweupe, na unga ule unasafiri mpaka kwenye vali, vile vilango vinavyofungua na kufunga njia za upepo.

Tukaifungua ile pampu yangu ya zamani iliyokuwa stoo. Mzee alikung'uta kikaushio juu ya gazeti na unga ukamwagika kama sembe. Pete ya pistoni ilikuwa imelika upande mmoja. Kichujio cha hewa inayoingia kilikuwa kimeziba kwa vumbi jekundu, ambalo kwa Dodoma kuanzia Juni hadi Novemba halihitaji maelezo. Injini yake ya umeme ilikuwa nzima kabisa. Pete mpya, punje mpya, kichujio kipya, na pampu iliyotangazwa kufa ndiyo iliyoko kwenye gari hadi leo. Ile niliyonunua nimeiweka kama akiba.

Hapa niseme neno kuhusu mashine ya kupimia. Kile kifaa kidogo cha bei rahisi ambacho wengi wanacho kinasoma injini; kompyuta ya shokapu hakifiki. Inabidi utafute mwenye kifaa maalumu cha magari haya, na kwa hapa mjini wapo. Nilipopimiwa nilipewa alama C1A20, na maana yake ni kwamba presha inapanda polepole mno tangi linapojazwa. Isome sentensi hiyo mara mbili. Haisemi pampu mbovu. Presha inaweza kupanda polepole kwa sababu pampu imechoka, au kichujio kimeziba, au bomba linavuja, au betri ni dhaifu na pampu haipati umeme wa kutosha. Kompyuta imesema dalili, kama mgonjwa anayesema "nina homa." Kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria bila kumpima ndicho tulichokifanya mimi na yule kijana wa Kizota, na simlaumu yeye peke yake. Mimi ndiye niliyetaka jibu la haraka.

Mifuko mipya ya mbele niliagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi ikiwa ndani ya boksi. Nilinunua miwili, kulia na kushoto. Mpwa wangu alinishauri ninunue mmoja uliopasuka tu, nikamkatalia: mipira hiyo ilizaliwa siku moja na imetembea barabara moja.

Siku ya kuifunga ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku nakaa kitandani. Mzee alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Mimi na mpwa wangu, kwa haraka zetu, tukaamua kulegeza nati ya shaba ya bomba la upepo, ili akirudi akute kazi imesogea. Gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake, halijawekewa kitu chini ya chesisi. Mpwa wangu alikuwa ameingiza mkono kati ya tairi na bodi kushika tochi, nikamwambia anipe kitambaa. Akautoa mkono. Nikazungusha spana. Upepo ukatoka kwa kishindo kama tairi la lori limepasuka, na pembe ile ya gari ikadondoka palepale, bodi ikakaa juu ya tairi bila nafasi hata ya kupitisha vidole viwili. Tulibaki tunatazamana. Mtoto wa dada yangu, mwaka wa pili chuo kikuu pale UDOM, na mkono wake wa kulia.

Mzee aliporudi hakutugombeza. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Upepo uliobanwa ni mnyama aliyefungwa. Huwezi kumfungulia ukiwa umesimama mlangoni." Tangu hapo utaratibu wetu haubadiliki. Kabla ya mkono wowote kuingia, gari linakalishwa kwenye stendi za chuma chini ya chesisi, jeki peke yake haihesabiki. Mlango mmoja unaachwa wazi, kwa sababu mlango ukiwa wazi kompyuta hairuhusu gari kupanda wala kushuka. Halafu fyuzi inachomolewa. Ndipo bomba linalegezwa kidogo kidogo, upepo utoke wenyewe. Na ukimaliza, usiliteremshe gari kwenye mfuko mtupu. Mpira unaweza kujikunja vibaya ukapasuka siku ya kwanza. Ujaze upepo kwanza, halafu ndipo uzito ushuke. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, haya tafadhali usiyasahau.

Baada ya kufunga, kompyuta ilifutwa alama za zamani, gari likapanda ndani ya sekunde chache, na asubuhi daftari likasema 1, 1, 2, 0. Nililia kidogo. Mtu atashangaa kulilia milimita, lakini Jumamosi ile nilikwenda Mvumi, nikalishusha gari mbele ya nyumba, na mama akashika mpini wa mlango, akaweka mguu, akaingia. Akafunga mlango mwenyewe. Majirani walikuwepo.

Ningependa hadithi iishie pale, lakini Machi 2021, katikati ya mvua, taa ikarudi. Safari hii maneno yalikuwa tofauti: hitilafu, urefu wa kawaida tu. Pamoja nayo yakaja maneno kuhusu ule mfumo unaoshikilia gari kwenye mteremko, na siku mbili baadaye gia ikagoma kutoka kwenye alama ya kuegesha mpaka nikanyage breki mara tatu. Moyo ulinishuka. Nilishaanza kupiga hesabu ya vali, ya kompyuta, ya pampu tena. Halafu nikakumbuka daftari. Nikapima jioni, nikapima asubuhi: gari halijashuka hata milimita mbili. Kama upepo wote upo, basi tatizo si upepo.

Nilikaa na mzee tukaorodhesha vinavyolalamika: urefu wa gari, mteremko, gia. Vinakutana wapi? Yeye ndiye aliyesema, "Vyote vinauliza swali moja. Dereva amekanyaga breki au hajakanyaga?" Akanituma nikae kwenye usukani nikanyage, yeye akasimama nyuma. Mara taa za breki zinawaka, mara haziwaki. Juu ya pedali ya breki kuna swichi ndogo ya plastiki, ndefu kama kidole gumba. Ilikuwa imechoka. Ilipokuwa inaipa kompyuta habari zisizoeleweka, kompyuta ya shokapu ikaamua kwa usalama kubaki kwenye urefu wa kawaida na kuwasha taa yake. Swichi mpya haikufika hata bei ya tairi la baiskeli, na kuifunga kulichukua chini ya nusu saa. Namfikiria mtu ambaye amekwenda na taa ileile akauziwa pampu, halafu taa isizime, akauziwa vali. Wapo. Nimekutana na mmoja Kibaigwa, mfanyabiashara wa mahindi, amebadilisha vitu vitatu na swichi yake ya breki ilikuwa haijaguswa.

Betri nayo iliwahi kunipeleka mchakamchaka. Asubuhi za Julai hapa Dodoma baridi inauma, gari likiwaka kwa shida taa inawaka, nikiendesha kilomita tano inazima yenyewe. Betri iliyopumzika na nzima inasoma kama volti 12.6, yangu ilisoma 11.9. Nikabadilisha betri, basi. Siku hizi ndicho kitu cha kwanza ninachopima mtu akinipigia simu, kabla hata sijamuuliza jina la gari. Cha pili ni rilei ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima, kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, ambayo vidole vyake vya ndani huungua ama vikaganda. Vikiganda, pampu inafanya kazi bila kusimama mpaka ijiue. Ni kitu cha bei ndogo, na pampu iliyofungwa mpya bila kubadilisha rilei ni kazi nusu. Vilevile ukinunua pampu mpya ya aina ya AMK kuweka mahali pa ile ya zamani ya Hitachi, kompyuta ya shokapu lazima iongezewe programu mpya, la sivyo italalamika hata kama kila kitu ni kizima. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela.

Watu huniuliza kuhusu springi za chuma. Sina ugomvi nazo. Mtu anayekaa mbali na fundi, anayelitumia gari kubeba mzigo na hahitaji lishuke wala lipande, akifunga springi atapata amani yake. Namwambia tu kwamba kompyuta haitajua kuwa upepo umeondolewa, kwa hiyo taa itaendelea kuwaka mpaka mtu aijulishe kwa kifaa chake, na kwamba gari litakaa urefu mmoja maisha yote. Kwangu mimi urefu mmoja ungenirudisha kwenye kigoda na kushikana kwapani.

Wenye magari mengine nao hunijia: Touareg, Mercedes ML, hata Prado zile zenye upepo nyuma tu. Vipuri vinatofautiana na alama za kompyuta zinatofautiana, lakini daftari linafanya kazi kwa wote, na povu la sabuni halichagui gari. Mwenye ML mmoja wa Kisasa alinunua futi ya kupimia akiwa bado kwenye simu na mimi.

Mzee wetu macho yamepungua sasa. Hufika bado, hukaa kwenye kiti chini ya mwembe, na mpwa wangu ndiye anayeingia chini ya gari akimsomea anachokiona. "Nyunyizia tena," husema. "Subiri. Usiwe na haraka na povu." Kuna povu linaloota baada ya dakika mbili nzima, na hilo ndilo linaloshusha gari usiku kucha.

Wiki iliyopita nilipima kama kawaida kabla ya safari ya kliniki. Mbele zote mbili ni 1. Nyuma kulia 2. Nyuma kushoto 9. Mwezi uliopita ilikuwa 5, na mwezi wa kabla yake 3. Taa haijawaka bado na huenda isiwake mpaka Desemba, lakini nimeshapiga simu Dar es Salaam, mifuko miwili ya nyuma itapanda basi Ijumaa. Mama nimempigia kumwambia Jumamosi nitachelewa kidogo kwa sababu gari litakuwa kwenye stendi. Akauliza, "Limechoka?" Nikamwambia hapana mama, pembe moja tu, na nimeiona mapema.